Wimbo Huu ni wa Nani? Habari za Kampuni Ndogo ya Waimbaji

Tuseme jioni moja umekaa uani pamoja na jirani zako. Mavuno yameingia ghalani. Mtu mmoja anaanzisha wimbo wa kupura mtama, nawe unaitikia. Wimbo huo ulifundishwa na bibi yako. Siku hiyo yupo mgeni. Ni mtu mwema, na anapenda nyimbo. Anakuuliza maneno, nawe unamwambia. Anaandika, anashukuru, anaondoka.

Miaka 20 inapita. Siku moja unafungua redio na kuusikia wimbo ule ule. Wanaouimba ni vijana usiowajua, kutoka mji ambao hujaukanyaga. Nchi nzima inaupenda. Fedha nyingi zinaingia. Lakini jina lako halitajwi. La bibi yako halitajwi. Hata la kijiji chenu halitajwi.

Je, ndugu msomaji, utasema nini? Utakwenda kumshitaki nani?

Jambo la namna hii lilimpata mkulima mmoja wa tumbaku huko Marekani. Baada ya hapo waimbaji wachache walianzisha kampuni yao ndogo ya kutoa sahani za santuri, na sahani yao ya kwanza ilikuwa ya mkulima huyo. Katika habari hii utasoma jinsi mambo yalivyokuwa. Pia utajifunza jinsi sauti ya mtu inavyoingia katika sahani, na kwa nini kazi hiyo inahitaji fedha nyingi hata kabla ya senti moja kupatikana.

MKULIMA WA REESE

Mkulima huyo aliitwa Frank Proffitt. Alizaliwa mwaka 1913. Aliishi Reese, kijiji kilichomo katika milima ya jimbo la North Carolina. Sisi tukisikia Marekani tunafikiri juu ya majumba marefu na magari. Lakini katika milima hiyo watu wengi walikuwa wakulima wadogo. Mashamba yalikuwa kwenye miteremko. Zao la fedha lilikuwa tumbaku. Tumbaku yao haikukaushwa kwa moto kama ile ya Urambo. Ilitundikwa ghalani ikauke kwa upepo.

Bwana Proffitt alilima tumbaku. Alikuwa seremala pia. Fedha zilipopungua alikwenda mbali kutafuta kibarua, kisha akarudi kwa mkewe na watoto. Wengi wetu tunayajua maisha hayo.

Jioni alipiga banjo. Banjo ni kinanda cha nyuzi. Tumbo lake ni la mviringo na limewambwa ngozi kama ngoma. Asili ya chombo hiki ni Afrika. Watu wa Afrika Magharibi waliochukuliwa utumwani walikwenda na ujuzi wao, wakatengeneza vinanda vya namna hii huko ugenini. Baadaye wazungu wa milimani nao wakajifunza. Baba yake Proffitt alikuwa akitengeneza banjo kwa mikono yake, na mwanawe akairithi kazi hiyo. Nyimbo alizipata kwa baba yake, kwa shangazi yake, na kwa wazee wengine. Hakuzisoma kitabuni. Alizisikia, akazishika.

WIMBO UNASAFIRI

Mwaka 1938 mwimbaji mmoja wa mjini, Frank Warner, alifika milimani pamoja na mkewe, Anne. Walikuwa wamekuja kwa mkwewe Proffitt, fundi wa dalsima. Dalsima ni kinanda chembamba cha mbao kinachowekwa mapajani. Hapo walikutana na Proffitt. Aliwaimbia wimbo wa Tom Dooley.

Wimbo huo una kisa cha kweli. Mwaka 1866 msichana aitwaye Laura Foster aliuawa katika wilaya ya jirani. Kijana mmoja, Tom Dula, askari aliyetoka vitani, alishitakiwa, akahukumiwa, akanyongwa mwaka 1868. Watu wa huko hutamka jina lake Dooley. Katika familia ya Proffitt ilisimuliwa kwamba bibi yake aliwafahamu watu hao wawili. Kwa hiyo Proffitt alipouimba, aliimba juu ya watu waliojulikana nyumbani kwao.

Warner aliupenda wimbo. Aliuimba kila alikokwenda, na alimtaja Proffitt. Kisha alimpa Alan Lomax, mkusanyaji mashuhuri wa nyimbo. Mwaka 1947 wimbo ukachapwa katika kitabu cha Lomax na baba yake. Kutoka hapo watu wengine wakaujifunza, na wengine wakajifunza kwa hao. Mwaka 1958 vijana watatu waliojiita Kingston Trio waliurekodi kwa kampuni kubwa. Sahani ikauzwa kwa mamilioni. Mwezi wa Novemba mwaka huo ilishika nafasi ya kwanza Marekani nzima.

Proffitt aliwaona vijana hao kwenye televisheni. Baadaye aliandika kwamba alijisikia mgonjwa, kama mtu aliyefiwa. Alitoka nje, akaenda kilimani kulia.

Hapa nataka uwe mwangalifu usitoe hukumu upesi. Mimi nilipoisoma habari hii mara ya kwanza nilisema moyoni, "Yule Warner ni mwizi." Siyo kweli. Warner hakuficha jina la Proffitt. Jina lilipotea njiani, mkono kwa mkono, kama vile habari ya msiba inavyobadilika ikipita vijiji vitatu.

Tena kuna ugumu mwingine. Proffitt hakuutunga wimbo huo. Aliupokea kwa wazee. Watu wengine wa milima hiyo waliujua pia. Wawili kati yao, Grayson na Whitter, walikuwa wameurekodi tangu mwaka 1929. Basi mwenye wimbo ni nani? Ni yule aliyetunga kwanza, ambaye hakuna amjuaye? Ni yule aliyeutunza? Ni yule aliyeuandika? Au ni yule aliyeuimba ukapendwa?

Sheria ya hakimiliki hujaribu kujibu maswali hayo. Hakimiliki ni haki ya mtu juu ya kazi aliyoibuni: wimbo, hadithi, picha. Mwingine akiitumia kazi hiyo kupata fedha, sharti apate ruhusa na alipe. Malipo hayo huitwa mrabaha. Huko Tanzania kuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, nayo inazitaja hata sanaa za jadi. Lakini sheria hupenda jina na tarehe. Wimbo wa bibi hauna tarehe.

Katika shauri la wimbo wa Tom Dooley mabishano yalifika kwa wanasheria. Mwaka 1962 ilikubaliwa kwamba tangu hapo Proffitt, Warner na Lomax wagawane sehemu ya mapato. Lakini miaka ya neema ilikuwa imekwisha kupita. Ni kama kupewa hisa ya mavuno baada ya ghala kufagiwa.

WAIMBAJI WANAANZISHA KAMPUNI

Sasa tuwatazame waimbaji wengine wawili, Sandy Paton na mkewe Caroline. Hawa hawakuzaliwa milimani. Walizipenda nyimbo za zamani, wakajifunza, wakawa wanaziimba kwa watu. Waliishi Huntington, kijiji cha jimbo la Vermont, kaskazini kabisa, karibu na mpaka wa Kanada. Kutoka huko hadi Reese ni zaidi ya kilomita 1,000. Ni kama mtu atoke Mwanza aende Dar es Salaam.

Sandy alimsikia Proffitt akisifiwa. Akafunga safari na mashine yake ya kunasa sauti, akaenda kumrekodi. Lakini sauti ikishanaswa, nani ataitoa? Kampuni kubwa hazikuitaka sauti ya mkulima mwenye banjo ya kujitengenezea. Zilitaka vijana wenye mashati yanayofanana.

Ndipo mwaka 1961 Sandy, Caroline na rafiki yao Lee Haggerty walipoanzisha kampuni yao wenyewe. Haggerty ndiye aliyetoa fedha za kuanzia. Waliiita Folk-Legacy, maana yake urithi wa watu. Ofisi ilikuwa nyumbani. Wafanyakazi walikuwa wao wenyewe. Sandy alinasa sauti, alipiga picha, aliandika maelezo. Mwaka 1967 walihamia Sharon, katika jimbo la Connecticut, na huko pia kampuni ilikaa nyumbani mwao.

Wanamuziki kuwa na kampuni yao si jambo la Marekani tu. Huko Kongo, Joseph Kabasele, mwimbaji mkubwa wa Kinshasa, alianzisha kampuni yake ya sahani, Surboum African Jazz, mwaka 1960. Yeye alitoa muziki wa dansi. Lakini sababu inafanana. Mwimbaji anachoka kuwa mgeni katika nyumba ya mwingine.

Sahani ya kwanza ya Folk-Legacy ilitoka mwaka 1962. Jina lake ni "Frank Proffitt wa Reese, North Carolina". Litazame jina hilo. Limetaja mtu, na limetaja kijiji.

SAUTI HUINGIAJE KATIKA SAHANI?

Weka kidole kooni, kisha imba. Unahisi nini? Unahisi mtetemo. Sauti ni mtetemo wa hewa. Ukiimba, hewa inatetemeka mpaka kwenye sikio la jirani yako.

Maikrofoni ni sikio la mashine. Huupokea mtetemo huo na kuugeuza kuwa umeme. Umeme huo hupita wayani mpaka kwenye mashine ya kunasa sauti. Wakati ule mashine hiyo ilikuwa tepurekoda. Ndani yake kulikuwa na utepe mrefu wa plastiki uliozungushwa kama uzi kwenye kibiringo. Utepe ulipakwa unga wa chuma, jamii ya kutu. Utepe ukipita mbele ya sumaku ndogo, unga ule hupangwa kufuata sauti. Ukiupitisha tena, mashine huusoma na kuitoa sauti ile ile.

Faida kubwa ya tepurekoda ilikuwa kwamba inabebeka. Zamani mwimbaji alipaswa kwenda mjini, katika chumba kisichoingiza kelele, mbele ya watu wenye tai. Mzee wa kijijini akifika hapo sauti humkauka. Kwa tepurekoda, kampuni ilimfuata mwimbaji kwake, akakaa kwenye kiti chake alichokizoea.

Lakini utepe si sahani. Utepe ulipelekwa kwa fundi mwenye mashine ya kuchonga. Fundi alichukua sahani ya alumini iliyopakwa laka laini. Sindano kali ilichonga mfereji mwembamba sana juu yake, ikianzia ukingoni na kuzunguka kuelekea katikati. Watu wengi hudhani sahani ina mifereji mamia. La. Kila upande una mfereji mmoja tu, mrefu, uliojizungusha kama nyoka aliyelala. Kuta za mfereji huo hazikunyooka. Zina mawimbi madogo. Mawimbi hayo ndiyo wimbo.

Sahani hiyo ya laka haiuzwi. Hupakwa fedha, kisha hutumbukizwa katika maji ya dawa yenye nikeli, na umeme hupitishwa. Polepole nikeli hujijenga juu yake kama ukoko juu ya ugali. Ukoko huo ukibanduliwa, palipokuwa na mfereji pana tuta. Kutokana nao hutengenezwa kalibu ya chuma. Donge la plastiki ya moto huwekwa kati ya kalibu mbili, moja ya kila upande, na mashine yenye nguvu hulibana. Likipoa ni sahani. Ni kazi ile ile ya kufyatua matofali, ila tofali hili linaimba.

Sahani kubwa za namna hii zilianza kuuzwa mwaka 1948. Upana wake ni kama sentimita 30. Huzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika. Kila upande huweza kuchukua dakika 20 au zaidi kidogo.

KWA NINI KAMPUNI KUBWA HAZIKUMTAKA MKULIMA?

Jibu lipo katika hesabu. Kalibu hugharimu fedha zile zile, ukifyatua sahani kumi au elfu kumi. Tuchukue mfano wa kujifunzia tu, kwa shilingi zetu. Tuseme kuchonga na kutengeneza kalibu ni shilingi 1,000,000. Ukifyatua sahani 10,000, kila moja inabeba shilingi 100 za kalibu. Ukifyatua sahani 500, kila moja inabeba shilingi 2,000. Ongeza plastiki, jalada, uchapaji, na posta. Fanya hesabu mwenyewe katika daftari lako, uone mwenye sahani 500 amebakiwa na nini.

Kwa sababu hiyo kampuni kubwa hutafuta wimbo utakaouzwa kwa wengi na kwa haraka. Sahani isiyouzwa haraka huondolewa. Kalibu hutupwa. Mwimbaji akiuliza, anaambiwa sahani yako imekwisha. Haikuisha. Imeachwa.

Folk-Legacy walifanya kinyume. Walifyatua chache, wakauza polepole. Waliuza kwa posta, na walipokwenda kuimba walizibeba. Na sahani waliyoitoa hawakuiacha. Hata kama kwa mwaka mzima waliiuza kwa watu wachache tu, ilibaki kwenye orodha yao. Mwenye duka atakuambia kwamba huo si ujanja wa biashara. Bidhaa iliyokaa rafuni ni fedha iliyolala. Wao walikuwa na hesabu nyingine. Walisema moyoni kwamba mtu aliyeimba nyimbo za bibi yake mbele ya mashine yao ameweka amana kwao.

Sitaki nikupake mafuta kwa mgongo wa chupa. Kampuni ya namna hii haimtajirishi mtu. Haikuwatajirisha wenyewe, na haikumtajirisha Proffitt. Waimbaji wenye kampuni waliendelea kuimba kwenye mashule na vyuo ili wapate riziki. Kampuni kubwa ina fedha ya kutangaza, ndogo haina. Na ndogo ikifanya kosa katika sahani moja, huenda isipate nguvu ya kutoa ya pili. Mwenye kukuambia "anzisheni kampuni yenu, mtaona fedha" hajawahi kulipa gharama za posta.

KIJITABU NDANI YA JALADA

Hapa ndipo mimi, kama mtu wa elimu ya watu wazima, nilipopendezwa zaidi. Ukifungua jalada la sahani ya Folk-Legacy unakuta kijitabu. Ndani yake yameandikwa maneno yote ya nyimbo. Imeandikwa habari ya mwimbaji: nani, wa wapi, anafanya kazi gani. Na chini ya kila wimbo imeelezwa aliupata kwa nani. Kwa baba. Kwa shangazi. Kwa mzee fulani aliyekuwa jirani.

Fikiri maana yake. Wimbo wa Tom Dooley ulipokuwa ukisafiri, jina lilipotea kwa sababu lilibebwa mdomoni tu. Kijitabu kinalifunga jina kwenye wimbo. Anayejifunza wimbo huo kutoka katika sahani hawezi kusema hakujua ulikotoka. Wewe uliyejifunza kusoma ukubwani unaijua nguvu ya jambo hili kuliko sisi tulioanza shule utotoni. Unajua jinsi ilivyokuwa kuweka dole gumba kwenye karatasi, na jinsi ilivyo sasa kuandika jina lako mwenyewe.

Proffitt alifaidika kwa njia nyingine pia. Alialikwa kuimba mbali. Mwaka 1961 aliimba kwenye tamasha la Chuo Kikuu cha Chicago. Watu wakamwandikia barua kuagiza banjo na dalsima za mkono wake. Seremala aliyekuwa akihangaika na vibarua akapata kazi ya kufanyia nyumbani. Fedha hizo hazikulingana na zile za mwaka 1958, lakini zilikuja na jina lake juu ya bahasha.

Hakukaa nazo sana. Alifariki mwezi wa Novemba mwaka 1965, akiwa na umri wa miaka 52. Mwaka 1968 kampuni ilitoa sahani nyingine ya sauti yake, ya kumkumbuka.

WENGINE WALIOFUATA

Mlima wa Beech, upande ule ule wa akina Proffitt, uliwapa Folk-Legacy sauti nyingi. Mmoja ni Ray Hicks. Huyu hakuwa mwimbaji hasa, bali msimulizi wa hadithi. Alisimulia visa vya kijana aitwaye Jack. Jack ni maskini, lakini ana akili. Huwashinda wafalme na majitu. Ukitaka kumwelewa, mfikirie Abunuwasi, au Sungura wetu. Mwaka 1963 kampuni ilitoa sahani yenye visa vinne alivyovisimulia Hicks. Sahani nzima ni mtu mmoja anaongea! Ni nani angeitia fedha yake humo kama si mtu apendaye hadithi? Miaka 20 baadaye, mwaka 1983, serikali ya Marekani ilimpa Hicks heshima ya kitaifa kwa sanaa hiyo. Alifariki mwaka 2003.

Mwingine ni Howie Mitchell. Huyu alitoa sahani ya kufundisha kutengeneza na kupiga dalsima, pamoja na kitabu chake. Mtu aliweza kukaa na randa na msumeno, kitabu mezani, sahani ikizunguka, akajifunza ufundi bila mwalimu kuwepo. Sisi tuliozoea masomo ya redio hatushangai.

Yuko pia Gordon Bok, baharia na mwimbaji kutoka jimbo la Maine, lililo ufukweni. Alitoa sahani nyingi kwa Folk-Legacy, nyingi zikihusu bahari, wavuvi na mashua. Baadaye naye alianzisha kampuni yake mwenyewe. Wengine wangeudhika, mtu wao akienda kujitegemea. Mimi naona ilikuwa kawaida. Kampuni ya waimbaji humwonyesha mwimbaji kwamba kazi hiyo si uchawi.

Mara nyingine waliorekodiwa walikuwa marafiki waliokusanyika tu. Mwaka 1964 ilitoka sahani ya kundi lililoitwa Golden Ring, yaani pete ya dhahabu. Walikaa pamoja, mmoja akianzisha na wengine wakiitikia. Ukiisikiliza unasikia watu waliozoeana, kama wanavyoimba watu wa ngoma moja.

KUTOKA SAHANI HADI SIMU

Katika miaka ya 1980 sahani za plastiki zilianza kupungua. Watu walihamia kwenye kaseti, kisha kwenye diski ndogo zinazong'aa, zile tunazoziita sidii. Kwa kampuni ndogo mabadiliko haya ni mzigo. Nyimbo zote zilizokwisha kutolewa sharti zitolewe upya kwa mtindo mpya, la sivyo hakuna atakayezisikia. Na tumeona hesabu ya kalibu.

Folk-Legacy waligundua njia. Kwa zile zilizouzwa kidogo hawakufyatua nyingi. Mtu akiagiza, walimnakilia nakala yake, moja moja, kwanza kwenye kaseti na baadaye kwenye sidii. Ukiandika barua kutaka sauti ya mkulima aliyeimba mwaka 1962, ulipata. Ni kama fundi cherehani anayekata nguo mteja anapofika, badala ya kujaza duka nguo asizojua nani atazivaa.

Sandy Paton alifariki mwaka 2009. Kufikia hapo kampuni ilikuwa na albamu zaidi ya 100. Swali likawa, zitakwenda wapi? Kampuni ndogo nyingi hufa na wenyewe. Watoto wana kazi zao. Mikanda hukaa darini mpaka unyevu na panya vikaimaliza.

Mwaka 2019 mkusanyiko wa Folk-Legacy uliingia katika mikono ya Smithsonian, taasisi ya makumbusho ya taifa la Marekani iliyopo Washington. Taasisi hiyo ilikuwa na uzoefu. Mwaka 1987 ilichukua sahani za Folkways, kampuni ndogo nyingine iliyoanzishwa na Moses Asch mwaka 1948, kwa sharti kwamba zote ziendelee kupatikana, hata ile inayonunuliwa na mtu mmoja kwa miaka. Asch na akina Paton walikuwa na ukaidi wa aina moja.

Siku hizi mtu mwenye simu yenye intaneti anaweza kuisikiliza sahani ile ya mwaka 1962, akiwa Reese au akiwa Urambo. Akitaka, anaweza pia kukisoma kijitabu chake, na kuona Bwana Proffitt aliupata kila wimbo kwa nani.